Uchumi UNILU au Biashara ISC?

Matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yakitoka Lubumbashi, kijana aliyefaulu humwagiwa poda nyeupe na mtaa mzima husherehekea. Poda haijatoka vizuri kichwani, wazee wanaanza kuulizana: aende Kitivo cha Uchumi na Usimamizi cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, au aingie moja kwa moja Taasisi ya Juu ya Biashara, ISC? Ukoo mara nyingi huamua kwa jina: chuo kikuu ni chuo kikuu. Mimi nisingeanzia hapo.

Kitivoni, mwanzo ni mpana: hisabati, takwimu, sheria, nadharia ya uchumi, na uhasibu ukiwa somo moja kati ya mengi. Mwanafunzi hubobea baadaye. ISC inamtia mapema kwenye hesabu za kampuni, kodi na fedha.

Kuhusu miaka, wazazi wengi bado wanahesabu kizamani. Wao walisoma graduat miaka 3, kisha licence miaka 2. Katika mfumo wa LMD (licence, master, doctorat), ulioenezwa nchini kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, licence ni miaka 3 na master ni 2. Kwa hiyo licence ya baba, yenye miaka 5 ukijumlisha graduat, kwa urefu wa masomo inalingana na master ya mwanawe. Njia zote mbili zikimfikisha kijana kwenye licence ya miaka 3, hoja ya kwamba ISC ni njia ya mkato inapungua nguvu.

Hoja ya upana wa kitivo ninaipata ndani ya uhasibu wenyewe. Tangu 1976 nchi ilikuwa na mpango wake wa uhasibu. Tarehe 12 Septemba 2012 Kongo ikawa ndani ya OHADA, jumuiya ya Afrika ya kuoanisha sheria za biashara, na mpango ule ukaja kuachwa. Chukua akaunti namba 60: katika mpango wa zamani ilibeba gharama ya bidhaa zilizouzwa, katika mfumo wa OHADA inabeba manunuzi na mabadiliko ya akiba ghalani. Namba ni ile ile, mantiki nyingine. Aliyekariri namba alianza upya. Aliyeelewa kwa nini bidhaa iliyonunuliwa bado si gharama mpaka iuzwe, alihitaji muda mfupi tu. Kisha 2018 mfumo wa OHADA nao ukarekebishwa. Ila tusidanganyane: darasa lililofurika, mwanafunzi akimsikiliza profesa akiwa dirishani, linazaa wakariri vilevile.

Upande wa pili, wa ISC, una uzito wake hapa Katanga. Sheria ya Februari 2017 imezitengea kampuni ambazo mtaji wake mwingi ni wa Wakongomani kazi za ukandarasi mdogo, zikiwemo zile za migodini. Kampuni ndogo ya usafiri au chakula inayouzia mgodi inatafuta mtu wa kutunza daftari, kupeleka tamko la kodi kwa wakati na kufuata hati za forodha za mpakani Kasumbalesa. Nadharia ya fedha haimsaidii bosi huyo tarehe 15 ya mwezi.

Kwa hiyo, aliyesoma sekondari upande wa biashara na usimamizi, ambaye karo yake inatoka kwenye meza ya mama sokoni, ningemwambia aende ISC bila aibu. Aliyetoka upande wa Latin-Philo (Kilatini na falsafa) au ualimu, na bado hajui anataka benki, serikali au mgodi, kitivo kitampa muda wa kujua, mradi hisabati haimtishi. Takwimu za mwaka wa kwanza hazina huruma kwa aliyekimbia namba tangu sekondari.

Kabla ya kulipa chochote, omba apparitorat, ofisi ya uandikishaji, ikuonyeshe orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza pamoja na krediti zake. Mwaka mzima ni krediti 60, na utaona papo hapo uhasibu unachukua ngapi. Uliza pia mafunzo ya kazini yanafanyika lini, na kama licence ya pale inafungua mlango wa master mahali pengine. Ukiacha hivi viwili na kufikiria chuo binafsi, tangulia na swali la kibali cha wizara, uone hati yenyewe kwa macho yako.