Sumu ya Mpangaji

Msomaji ameniuliza: kama sote tuna bakteria wa E. coli tumboni, ilikuwaje akaua watu Ujerumani mwaka 2011?

Mlipuko ule wa kaskazini mwa Ujerumani uliugusa sana mji wa Hamburg. Karibu watu 4,000 waliugua na zaidi ya 50 wakafa. Matango ya Hispania yalisingiziwa kwanza; mwishowe ikajulikana ni machipukizi ya uwatu, uwatu huu huu wa sokoni, yaliyoliwa mabichi.

E. coli yule alikuwa na jeni la ziada, stx2, linalotengeneza sumu ya Shiga. Sumu hii hunyofoa kipande kimoja tu, adenini, kwenye ribosomu, na seli haitengenezi protini tena. Mishipa midogo ya figo huumia vibaya. Wagonjwa zaidi ya 800 walipata tatizo hilo la figo.

Sasa utamu wenyewe. Jeni lile asili yake si la bakteria. Ni mali ya faji, kirusi anayeshambulia bakteria (bakteriofaji, ukitaka jina refu), aliyejipachika ndani ya DNA ya bakteria akalala. Mchukulie kama mpangaji mtulivu: hapigi kelele, na kila nyumba ikijengwa pacha, naye anapata chumba humo. Kinachomlaza ni protini moja iliyokaa juu ya jeni zake kama komeo. Siku DNA ya bakteria ikijeruhiwa, mathalani kwa antibiotiki kama siprofloksasini, bakteria hupiga mbiu ya hatari, na mbiu hiyo hiyo hulivunja komeo. Mpangaji ananusa moshi. Hazimi moto, wala hamwamshi mwenye nyumba. Anajizalisha kwa fujo, anatengeneza sumu kwa mkupuo, kisha anabomoa kuta atoke na wanawe. Nyumba yenyewe haina mlango wa kupitisha sumu hiyo. Inamwagika pale tu kuta zinapoanguka.

Ndiyo sababu madaktari husita kumpa antibiotiki mgonjwa wa E. coli wa aina hii. Kuhara damu kwa kawaida huku kwetu, hasa kwa Shigella, ni habari nyingine na dawa hutolewa.

Maabara nazo huhangaika. Sampuli ya kinyesi inaweza kuonyesha stx kwa PCR, lakini bakteria yule yule akishaoteshwa mara kadhaa kwenye sahani, kipimo kinarudi hasi: faji ameshatoka, na jeni limeondoka naye.