Makaburi ya Verdun Yaliyoelekezwa Kibla

Katika makaburi ya kijeshi ya Douaumont, karibu na mji wa Verdun nchini Ufaransa, safu za misalaba myeupe hukatika ghafla. Hufuata makaburi zaidi ya 500 yaliyoelekezwa Makka. Ni ya askari Waislamu walioletwa kutoka makoloni.

Vita vya Verdun vilianza Februari 21, 1916, na siku nne baadaye Wajerumani wakaiteka ngome ya Douaumont. Ilikombolewa Oktoba 24 ya mwaka huo huo na Kikosi cha Kikoloni cha Morocco. Jina hilo hupotosha, kwani wengi wa askari wake walikuwa Wafaransa. Kilichokiongezea nguvu ni batalioni ya 43 ya Wasenegali pamoja na kampuni mbili za Wasomali. Batalioni ya Wasomali iliundwa Mei 1916 huko Majunga, Madagaska, kwa vijana waliotolewa pwani ya Djibouti. Miezi mitano baadaye walikuwa wakipanda kilima cha matope chini ya mizinga.

Je, walikwenda kwa hiari? Wapo waliofuata mshahara. Lakini Algeria ilikuwa na sheria ya kuwalazimisha vijana tangu 1912, na mwaka ule ule wa 1916 watu wa milima ya Aurès waliinuka kuipinga. Katika nchi za Mali na Burkina Faso za leo, wanavijiji walipigana na Wafaransa kwa sababu hiyo hiyo.

Mtihani wa dhamiri nao haukuwa mdogo. Novemba 1914 Sultani wa Uthmaniya, aliyekuwa Khalifa, alikuwa ametangaza jihadi dhidi ya Ufaransa. Wajerumani wakajenga hata msikiti wa mbao huko Wünsdorf, karibu na Berlin, ili kuwavuta mateka Waislamu upande wao. Dola zote mbili, kwa hakika, ziliikumbuka dini yao pale zilipowahitaji.

Baada ya vita, Ufaransa ilifungua Msikiti Mkuu wa Paris mwaka 1926, kwa heshima ya waliokufa. Mnara wa kumbukumbu yao pale Douaumont, wenye kuta nyeupe na kuba, ulizinduliwa na Rais Jacques Chirac Juni 2006, miaka 90 baada ya vita. Pensheni za wapiganaji wa makoloni ya zamani, zilizogandishwa kwa sheria ya 1959, zililinganishwa na za wenzao Wafaransa kuanzia 2007. Abdoulaye Ndiaye, mkongwe wa Senegal aliyepigana Dardanelles na Somme, alikuwa amekwisha kufariki Novemba 1998, siku moja kabla ya kuvishwa nishani.