Sura ya 4: Nguo Zinapofika Kabla ya Maji

Mtu akisikia kimbunga kimeezua nyumba za watu, mkono wake huenda kwanza kwenye kabati la nguo. Nia ni njema. Lakini aliyelala ndani ya maji anataka kwanza blanketi kavu, tochi, maji ya kunywa na dawa yake ya presha. Ukimshushia magunia matatu ya mashati umempa kibarua cha kuchambua.

Kwa hiyo kazi ya misaada huanzia kwenye meza ya mlangoni. Mwaka 1990 Shirika la Afya la nchi za Amerika, PAHO, lilianzisha mfumo uitwao SUMA, na kiini chake ni hicho: kila kinachoshushwa kinaingia fungu lake papo hapo. Kuna cha kugawa leo, kuna cha kusubiri, na kuna kisicho na kazi. Fungu la mwisho ndilo linalowashinda wengi, maana nani ana uso wa kumwambia mgeni kwamba zawadi yake haifai?

New York walipata njia ya kukwepa aibu hiyo. Kimbunga Sandy kiliupiga mji huo usiku wa tarehe 29 Oktoba 2012. Huko Red Hook, Brooklyn, wapangaji wa nyumba za umma walikaa siku nyingi gizani, lifti zimesimama, na wazee wa ghorofa za juu hawawezi kushuka. Wanaharakati waliokuwa wamepiga kambi karibu na Wall Street mwaka uliotangulia waliungana na majirani, wakajiita Occupy Sandy. Walianzia kanisa moja la Sunset Park, kisha wakafungua kituo kingine katika Kanisa la St. Luke and St. Matthew, mtaa wa Clinton Hill.

Hapo mtu akakumbuka harusi. Kwa desturi ya Wamarekani, maharusi huandikisha dukani vitu wanavyotaka, kila mwalikwa akalipia kimoja, na kilicholipiwa kinafutwa kwenye orodha. Occupy Sandy wakafungua orodha ya namna hiyo Amazon, ila badala ya sahani na mashuka wakaandika tochi, blanketi, nepi, jenereta. Sisi wa kadi za michango hatuhitaji kuelezwa sana: hakuna aliyewahi kumpelekea mhazina wa kamati ya harusi suruali aliyoichoka. Kamati inasema inachotaka, mchangiaji anatoa. Orodha ilihamisha uamuzi kutoka kwa mtoaji hadi kwa mhitaji, na kwa kuwa kila kitu kilifutwa kikishanunuliwa, mablanketi hayakurundikana huku betri zikikosekana.

Orodha yenyewe ilitoka wapi? Ngazini. Waliojitolea walipanda ghorofa kwa ghorofa, wakabisha hodi mlango kwa mlango na kuandika kila nyumba imepungukiwa nini. Aliyepanda na maji alishuka na habari. Hapa jirani humshinda ofisa yeyote, hata mwenye lori jipya: anajua mlango upi una mgonjwa wa sukari, na yupi haombi hata akifa njaa.

Orodha ya namna hiyo huchacha haraka. Tarehe 7 Novemba theluji iliangukia nyumba zisizo na umeme, na joto likawa hoja kuliko mwanga. Maji yalipokauka, ukungu ukaanza kupanda kwenye kuta za jipsam, ikabidi zibomolewe. Sasa zilitakiwa barakoa, glavu, mitaimbo na makoleo, na watu wa kuvishika. Nguo, wakati wote huo, zilizidi kumiminika, hadi vituo kadhaa vikawaomba watu wasizilete tena.