Haki za Mnunuzi (3): Hana Chupa, au Hana Pesa?

Makala mbili zilizotangulia zilihusu bidhaa iliyofika na kasoro. Leo ni zamu ya bidhaa isiyofika kabisa, ilhali bei yake imekwisha kulipwa hadi senti ya mwisho. Nimechagua mfano wa wiski adimu ya Marekani kwa sababu katika biashara hii muuzaji mwaminifu anaweza kweli kushindwa kutimiza agizo, na tapeli naye akatoa visingizio hivyo hivyo, neno kwa neno. Msomaji asiyegusa kileo asigeuze ukurasa. Aweke saa, gari au kitabu cha kale mahali pa chupa. Sheria haijali kilichomo ndani.

Tuanzie Kentucky. Wiski ya huko iitwayo bourbon hukaa ndani ya pipa jipya la mwaloni lililounguzwa kwa ndani, kwa kawaida la ujazo wa lita 200 hivi. Kila mwaka sehemu yake hupaa kupitia mbao, na pipa lililokaa zaidi ya miaka 20 huweza kufunguliwa likiwa na chini ya nusu ya kilichotiwa. Chapa inayosakwa kuliko zote ni Pappy Van Winkle, inayotengenezwa kwenye kiwanda cha Buffalo Trace mjini Frankfort na kutolewa kila mwaka ikiwa na umri wa miaka 15, 20 na 23. Wanunuzi wakiongezeka leo, kiwanda hakina la kufanya: chupa ya miaka 23 inayouzwa mwaka huu iliingia pipani miaka 23 iliyopita, wakati ambapo wachache walikuwa na haja nayo. Bei inayopendekezwa na wenye chapa ni ya mamia ya dola. Bei ya sokoni ni ya maelfu.

Kuna ugumu mwingine pia, nao ni wa kisheria. Marufuku ya pombe nchini Marekani ilipofutwa mwaka 1933, majimbo mengi yaliweka ngazi tatu: mtengenezaji humuuzia msambazaji, msambazaji humuuzia mwenye duka, na mwenye duka ndiye anayekuuzia wewe. Kuruka ngazi hakuruhusiwi, isipokuwa pale sheria ya jimbo iliposema vinginevyo. Kwa hiyo mwenye duka hawezi kupiga simu Frankfort akaagiza. Husubiri mgawo wake kwa msambazaji, na mgawo huo unaweza kuwa katoni, chupa mbili, au mkono mtupu. Pennsylvania na Virginia, ambako serikali ya jimbo ndiyo yenye maduka ya pombe kali, huendesha bahati nasibu ili pasiwe na lawama. Kwingineko kuna wenye maduka wanaopokea pesa miezi mingi kabla ya kujua watapewa nini, na hapo ndipo shida yetu inapozaliwa.

Siku moja ujumbe unaingia: “Samahani, msambazaji hakutupa mgawo mwaka huu. Tunaweza kukupa vocha ya kiasi kilekile, au chupa nyingine ya thamani hiyo.”

Kabla hujajibu lolote, jiulize swali moja. Huyu hana chupa, au hana pesa? Mambo hayo mawili yanafanana kwa nje, lakini dawa ya la kwanza ni sumu kwa la pili. Kwa muuzaji aliyekosa chupa ila duka lake ni zima, haraka ya kuchukua pesa yako inaweza kukupunja. Kwa muuzaji anayefilisika, kila siku unayobishana naye juu ya haki zako inakusogeza nyuma kwenye foleni ya wadai.

Nianze na aliyekosa chupa tu. Karibu majimbo yote ya Marekani, Louisiana ikiwa ndiyo inayojitenga, yanafuata sheria moja ya mauzo ya bidhaa inayojulikana kwa kifupi kama UCC. Kwa sheria hiyo, muuzaji asiyekabidhi mali aliyoiuza hadaiwi bei uliyolipa peke yake. Anadaiwa pia tofauti kati ya bei ya mkataba na bei ya soko wakati ulipopata habari kwamba mkataba umevunjwa. Tuseme ulilipa dola 900 mwezi Machi, na mwezi Novemba unapoambiwa hakuna kitu, chupa ya aina hiyo inauzwa dola 1,700. Deni lake kwako ni 900 ulizotoa na 800 za tofauti. Wanunuzi wengi hawajui hili. Hurudishiwa zile 900, wakashukuru, na mwenye duka akabaki akishukuru zaidi.

Kudai ni jambo moja, kuthibitisha bei ni jingine. Mauzo ya wiski kati ya mtu na mtu asiye na leseni ni kosa katika majimbo mengi, hivyo bei ulizosikia kwenye vikundi vya watu wanaouziana kimyakimya si ushahidi wa kwenda nao mbele ya hakimu. Tafuta bei ya duka lenye leseni, au matokeo ya mnada halali, uyachapishe yakiwa na tarehe. Ni vigumu kuyapata miezi sita baadaye.

Kisha soma ankara yako, hasa yale maandishi madogo ya chini. Kama imeandikwa kwamba mauzo yanategemea mgawo kutoka kwa msambazaji, hukununua chupa; ulinunua nafasi, na mgawo usipopatikana haki yako mara nyingi huishia kwenye kurudishiwa pesa. Kama haina sharti hilo, mwenye duka alijitwisha hatari mwenyewe. Kukwama kwa msambazaji hakumwondolei deni hivi hivi. Sheria humsamehe muuzaji pale tu lilipotokea jambo ambalo pande zote mbili ziliweka mkataba zikiamini halitatokea. Upungufu wa Pappy si jambo la namna hiyo. Ndiyo sababu yenyewe ya watu kulipa mapema.

Na hata anaposamehewa, hapewi fadhila ya kuchagua vipenzi. Sheria ile ile inamtaka kile kidogo alichopata akigawe kwa haki na kuwaarifu wateja. Aliyepokea oda 10 na kupewa chupa 3 hana ruhusa ya kuziuza zote kwa mgeni aliyeingia dukani na noti nyingi zaidi. Ikitokea hivyo, au ukagundua kwamba chupa yako ilifika lakini muuzaji ameona bei imepanda akabadili nia, mahakama inaweza kumwamuru akukabidhi chupa yenyewe badala ya pesa, kwa kuwa sheria inaruhusu amri hiyo pale mali ni ya kipekee au pale hali inapostahili. Mwaka 1981 mahakama ya rufani ya Missouri ilitoa uamuzi wa namna hiyo juu ya gari aina ya Corvette la toleo maalumu la 1978. Yalitengenezwa takriban 6,000. Muuzaji alikubaliana bei na wanandoa wawili, kisha gari lilipofika akawaambia washindane bei na wengine. Mahakama ilikiri kwamba gari hilo halikuwa pekee duniani, lakini ikasema kuwa kupata jingine la hali ile kungewagharimu mno na kuwachelewesha mno. Akaamriwa awape gari lao. Mimi naona hoja hiyo inaikaa wiski ya miaka 23 vizuri kuliko ilivyolikaa gari.

Sasa ile vocha. Kwa oda zilizofanywa kwa posta, simu au intaneti, kanuni ya tume ya shirikisho ya biashara ya Marekani, iliyopo tangu miaka ya 1970, inamtaka muuzaji apeleke bidhaa ndani ya muda aliotaja, au siku 30 kama hakutaja. Akichelewa, lazima akupe nafasi ya kufuta oda na kurudishiwa pesa. Vocha haihesabiwi kuwa marejesho ya pesa. Chupa mbadala nayo ni hiari yako. Ukikubali kimojawapo, benki yako ikija kuombwa msaada baadaye itakuambia mlikwisha kuelewana.

Tuje kwa muuzaji asiye na pesa. Huyu ana dalili zake. Tarehe zinasogezwa, kila mara kwa sababu mpya: meli, forodha, msambazaji, mfanyakazi aliyeacha kazi. Anakupiga kalenda huku bado akitangaza oda mpya za kulipia kabla, na kwa bei ambayo hakuna duka jingine linaloifikia. Dalili hiyo ya mwisho ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu maana yake mara nyingi ni kwamba pesa ya leo inanunua chupa ya mteja wa mwaka juzi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Premier Cru, duka la Berkeley, California. Biashara yake ilikuwa mvinyo na si wiski, lakini mtindo ulikuwa huu huu: lipa leo kwa bei nafuu, mzigo utatoka Ulaya baada ya miezi sita hadi miaka miwili. Kwa miaka mingi mizigo ilifika. Kisha ikaanza kuchelewa, na waliolalamika kwa sauti kubwa ndio waliopewa mali, kwa pesa za wapya. Mwenyewe, John Fox, alikuwa akiingiza kwenye vitabu manunuzi ambayo hayakufanyika na kuuza mvinyo hewa. Januari 2016 kampuni iliomba kufilisiwa. Agosti mwaka huo Fox alikiri kosa la ulaghai, na Desemba akahukumiwa kifungo cha miezi 78. Hasara ya wateja ilitajwa kuwa takriban dola milioni 45.

Muuzaji akifika kwenye ufilisi, hesabu zote za tofauti ya bei hupoteza ladha. Kesi dhidi yake husimama papo hapo. Wenye dhamana, benki kwa kawaida, hulipwa kwanza kutokana na mali walizoshikilia. Sheria ya ufilisi ya Marekani inamhurumia kidogo mnunuzi wa kawaida aliyelipia bidhaa kwa matumizi yake ya nyumbani: amana yake hupewa kipaumbele mbele ya wadai wa kawaida, ila hadi kikomo cha dola elfu chache kinachorekebishwa kila baada ya miaka 3. Aliyelipa zaidi ya hapo, kilichozidi kinaingia foleni ya nyuma kabisa.

Chupa zilizokutwa ghalani je? Hapo kinachoangaliwa ni kama chupa ilikuwa imekwisha kutengwa kwa ajili yako. Rafu yenye chupa 12 za aina moja na majina 20 kwenye daftari haimpi yeyote chupa yake. Kreti iliyobandikwa jina lako na namba ya oda inakupa hoja, ingawa wakili wa wadai wengine hataiacha ipite bila ubishi. Kwa hiyo ukiambiwa chupa imefika lakini utaichukua baadaye, omba picha inayoonyesha namba ya chupa, na namba hiyo iandikwe kwenye risiti yako. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakuwa wakifikiria daftari la muuzaji peke yake.

Kinga yenye nguvu zaidi, hata hivyo, haimo ghalani. Imo katika namna ulivyolipa. Aliyelipa kwa kadi ya mkopo ana mtu wa tatu wa kumgeukia ambaye hajafilisika, yaani benki. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inampa haki ya kupinga malipo ya bidhaa isiyofika, kwa barua, ndani ya siku 60 tangu alipotumiwa taarifa ya kwanza yenye malipo hayo. Hapa pana mtego kwa mnunuzi wa wiski: ukilipa Machi kwa chupa ya Novemba, siku 60 zimepita kabla hata mgawo haujatangazwa. Usikate tamaa. Mitandao ya kadi ina kanuni zake ambazo kwa kawaida huhesabu siku 120 tangu tarehe ya kukabidhiwa iliyoahidiwa, ingawa nazo zina ukomo wa mwisho. Ndiyo maana kila unapokubali tarehe mpya kwa ujumbe wa simu, weka kumbukumbu. Uingereza wamekwenda mbali zaidi: kwa bidhaa ya bei inayozidi pauni 100 hadi pauni 30,000, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974 kinaifanya benki iwajibike pamoja na muuzaji. Aliyelipa kwa hundi au kwa kuhamisha pesa benki, Marekani au Uingereza, kwa kawaida hana wa kumgeukia isipokuwa muuzaji mwenyewe.

Kama bado hujajua unashughulika na muuzaji wa aina ipi, UCC inakupa njia ya kumpima. Ukiwa na sababu ya msingi ya wasiwasi, unaweza kumdai kwa maandishi akuhakikishie, na asipofanya hivyo ndani ya muda unaofaa usiozidi siku 30, anahesabiwa amevunja mkataba. Barua yenyewe iwe fupi: “Tarehe 3 Machi nililipia chupa moja, ankara namba fulani, ikabidhiwe kabla ya Novemba kwisha. Nithibitishieni kwa maandishi ndani ya siku 10 kwamba mnayo, au nionyesheni oda yenu kwa msambazaji. Mkishindwa, nitahesabu kuwa mmevunja mkataba na nitadai pesa yangu pamoja na tofauti ya bei.” Mwenye duka mzima hujibu siku hiyo hiyo, pengine kwa hasira. Anayeyumba hukaa kimya, au hukutumia vocha nono zaidi. Ukimya huo ukija, au siku zako za kadi zikiwa ukingoni, usingoje siku 10 ziishe. Nenda benki kwanza.

Na pesa ikirudi, tazama imerudije. Hundi iliyoandikwa kwamba ni malipo kamili na ya mwisho ya mgogoro, ukiipeleka benki, inaweza kuzika ile tofauti ya dola 800 tuliyoihesabu. Kama unaidai bado, usiitie saini kabla ya kuzungumza na mwanasheria.

Wiki ijayo tutarudi Afrika Mashariki. Sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya na Tanzania zilichotwa kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, nasi tutatazama zinasemaje juu ya mali ambayo bado haijatengwa, kwa mfano wa magari yanayolipiwa kabla hayajapakiwa melini.