Onsi, Kijiko na Litri: Pima Sawasawa

Hapa Oicha tunapima maji na dawa kwa litri na mililitri (ml). Lakini chupa ya dawa yenye kutoka Marekani inaweza kuandikwa onsi (fl oz). Kama haujue kugeuza kipimo, mutoto atapata dawa kidogo sana ao nyingi sana.

Ujifunze vipimo hivi vya Marekani:

Kijiko cha chai (tsp): 5 ml
Kijiko cha supu (tbsp): 15 ml
Onsi 1: karibu 30 ml
Kikombe 1 (onsi 8): karibu 240 ml
Kwarti 1: 946 ml
Galoni 1 (kwarti 4): karibu litri 3,8

Galoni ya Uingereza, ile walitumia zamani Uganda, ni kubwa zaidi: karibu litri 4,5.

Vijiko vya nyumbani havilingane. Vuta maji 5 ml na sirinji isiyo na sindano, mimina ndani ya kijiko chako. Kikifurika, ni kidogo; kisipojaa, ni kikubwa.

Sasa, mutoto anahara. Paketi ya SRO yenye kuandikwa litri 1 inataka maji safi litri 1 kamili. Watu wengi wanachukua chupa yoyote. Soma chupa kwanza! 1 cl ni 10 ml. Basi chupa ya 72 cl ni 720 ml tu. Ukitia paketi nzima ndani yake, chumvi inapita kiasi kwa zaidi ya theluthi moja. Chumvi nyingi inaongeza kiu, na inaweza kuleta degedege. Maji yakizidi litri, dawa inakosa nguvu.

Fanya hivi: jaza chupa ya 500 ml mara mbili, mimina ndani ya chombo safi, weka alama pahali maji yamefika. Hiyo ni litri yako. Kama uko na kwarti tu, ongeza vijiko vya supu tatu na nusu.

Kama hakuna paketi: maji safi litri 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu ya kijiko, vyote visawazishwe juu. Yenye kubaki kiisha saa 24, mwanga.

Mutoto akilegea, macho yakiingia ndani, ao akikataa kunywa, hapana kungojea: mulete hospitali.