Redio ya mkononi ya bei nafuu: mambo ya kujua kabla ya kununua

Kutoka kwa afisa wetu wa uwandani, Lubumbashi

Katika warsha za kamati za amani hapa Haut-Katanga kuna swali ambalo halikosi kuulizwa. Mtu husimama na kusema: kijijini kwetu simu hazishiki, au zinashika ukipanda kilimani tu. Toki-woki za Kichina zinapatikana kwa dola 25 hadi 40. Kwa nini shirika lisitununulie mbili tatu, tuweze kupeana habari mapema? Swali hilo ni zuri, na halistahili kujibiwa kwa haraka mwishoni mwa kikao, watu wakiwa wameshasimama. Makala hii ni jibu lake.

Haja yenyewe ni ya kweli. Mwezi Desemba 2009 waasi wa LRA waliua watu zaidi ya 300 katika eneo la Makombo, Haut-Uele, kwa muda wa siku nne. Huko hakukuwa na simu wala barabara ya maana, na ukubwa wa mauaji hayo ulijulikana duniani mwezi Machi 2010. Baadaye Kanisa Katoliki katika dayosisi ya Dungu-Doruma na shirika la Invisible Children walijenga mtandao wa redio za tahadhari. Vijiji viliitana kila siku kwa saa zilizopangwa, kila kimoja kikieleza kama kuna usalama au kuna watu wenye silaha walioonekana.

Hata penye simu hakuna uhakika. Serikali iliamuru SMS zifungwe Desemba 2011 baada ya uchaguzi. Januari 2015 ikawa zamu ya SMS na intaneti pamoja, na kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 intaneti ilifungwa kwa siku kama 20. Sisi wa Lubumbashi tunakumbuka pia tarehe 23 Machi 2013, wapiganaji wa Kata Katanga walipoingia mjini mpaka wakafika kwenye kambi ya MONUSCO. Saa kama hizo, wanaojua hasa risasi zinalia upande gani ni wachache, na wengine wote wanakimbia kwa kufuata uvumi.

Basi redio inaweza kusaidia. Lakini redio hiyo hiyo inaweza kumpeleka mwenye nayo gerezani, au kumfanya adhaniwe mpelelezi wa Mayi-Mayi. Ndiyo maana nitazungumzia kwanza umbali na kibali, halafu ndipo tufike dukani.

Sauti inafika wapi?

Redio za Dungu hazikuwa toki-woki. Zilikuwa za aina tunayoiita fonia, ambayo misheni nyingi za Kongo zimeitumia kwa miaka mingi: redio kubwa ya mezani, betri ya gari, paneli ya jua, na waya mrefu uliofungwa juu ya miti. Mawimbi yake hupanda juu, hugonga tabaka la juu kabisa la hewa, na kurudi ardhini mamia ya kilomita kutoka pale yalipotoka. Toki-woki hutumia mawimbi ya VHF na UHF, ambayo husafiri karibu moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Dunia ikijikunja, mwanga huo hupita juu na kupotelea angani.

Kuna hesabu rahisi ambayo kila kamati inaweza kuifanya. Chukua urefu wa antena kutoka ardhini kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4. Jibu ni kilomita ambazo antena hiyo "inaona". Mtu aliyesimama akishika redio, antena yake iko kama mita 1.5 juu ya ardhi, kwa hiyo inaona karibu kilomita 5. Watu wawili wa namna hiyo wanaweza kusikilizana kwa kilomita 10 hivi. Hiyo ni kwenye uwanja mtupu usio na mti, ukuta wala kichuguu, na Katanga bila vichuguu sijaiona. Katika mitaa ya Kenya na Katuba, kati ya nyumba za matofali na mabati, tegemea kilomita 2 au 3. Ndani ya msitu wa miombo, hasa miti ikiwa na majani, mambo ni hayo hayo au mabaya zaidi.

Sasa mpe mmoja wao antena iliyo juu ya mlingoti wa mita 16. Kipeuo cha pili cha 16 ni 4, mara 4 ni kilomita 16. Ongeza zile 5 za mwenzake aliye chini: 21. Hiyo ni zaidi ya mara mbili, na redio haikubadilika. Kwa hiyo usidanganywe na muuzaji anayekusifia wati. Redio ya wati 10 haikupeleki mara mbili ya ile ya wati 5, kwa sababu kinachokuzuia ni upeo wa macho. Fedha za wati ziweke kwenye bomba la chuma, antena ya nje na kebo nzuri. Kebo isiwe ndefu kupita mahitaji, maana hula nguvu ya mawimbi, na ya UHF huliwa zaidi kuliko ya VHF.

Kutoka Lubumbashi hadi Likasi, mwendo wa kilomita kama 120, redio mbili za mkononi hazitaongea zenyewe. Pweto ni mbali zaidi ya hapo. Atakayekuambia zinafika anauza kitu.

Kifaa na kibali ni mambo mawili

Redio nyingi za bei nafuu zilizoenea duniani ziliuzwa kwanza kwa watu wa redio ya ridhaa. Hawa ni watu binafsi wanaojifunza ufundi wa redio na kuzungumza wao kwa wao bila kutafuta faida. Kila mmoja hufanya mtihani, hupewa leseni, na hupewa alama ya wito. Alama za Kongo huanza na 9Q. Kabla ya uhuru zilianza na OQ5. Tangu mwaka 2003 kanuni za kimataifa hazilazimishi tena kujua alfabeti ya Morse, jambo lililowafungulia wengi mlango. Katika ukanda wetu, yaani Afrika na Ulaya, masafa yao ya redio za mkononi ni megahezi 144 hadi 146, na 430 hadi 440.

Hapa ndipo mashirika mengi hukosea njia. Masafa ya ridhaa si ya kazi ya ofisi. Hairuhusiwi kuyatumia kuendesha magari ya shirika, kupanga semina au kulipana. Hairuhusiwi pia kuficha maneno kwa mafumbo. Wakati wa maafa kanuni zinawaruhusu wenye leseni kupeleka ujumbe kwa niaba ya wengine, na huko duniani wamefanya hivyo mara nyingi, lakini mtandao wa kila siku wa kamati ya amani ni jambo jingine. Huo unahitaji masafa yake binafsi, yanayoombwa kwa mamlaka ya udhibiti wa mawasiliano. Mamlaka hiyo iliundwa kwa sheria ya Oktoba 2002 kwa jina la ARPTC, na sekta nzima ikapata sheria mpya Na. 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020. Kuna ada na kuna kungoja. Viwekeni katika bajeti tangu siku ya kwanza ya mradi, msivikumbuke wakati mizigo imeshafika forodhani Kasumbalesa.

Je, redio ya ridhaa haina faida kwetu? Mimi naona inayo. Mtu mmoja katika timu akisomea leseni hiyo atajua antena, betri na adabu ya kuongea hewani kuliko ambaye amehudhuria semina ya siku mbili. Fundi wa namna hiyo ndani ya ofisi ni hazina.

Kununua

Redio inayojulikana zaidi ni Baofeng UV-5R, iliyotoka mwaka 2012. Inatumia VHF na UHF, ina wati 4 hadi 5, chaneli 128, betri ya kutosha siku nzima kama huongei sana, tochi, na hata redio ya FM ya kusikiliza habari. Kwa bei yake ni vigumu kuilalamikia. Tabu yake ni kwamba inafungua karibu kila kitu. Kijana akichezea vitufe anaweza kujikuta anasema kwenye chaneli ya polisi, ya walinzi wa mgodi au ya jeshi. Hata Marekani, mamlaka ya mawasiliano ilitoa onyo mwaka 2018 kuhusu uuzaji wa redio zinazoweza kurusha kwenye masafa yasiyoruhusiwa. Marekani unaweza kutozwa faini. Huku kwetu, kwenye kizuizi cha barabarani saa moja jioni, askari aliyesikia sauti ngeni kwenye chaneli yake hatakutoza faini.

Kwa mtu wa kujitolea ambaye hakufundishwa sana napendelea redio isiyo na kioo wala vitufe vya namba. Ipo Baofeng BF-888S: UHF tu, chaneli 16, kitufe cha kuzungusha, basi. (Hutaja namba ya chaneli kwa Kiingereza au Kichina, na watu hucheka sana siku ya kwanza.) Ila zile chaneli 16 zinazotoka nazo kiwandani hazikupangwa kwa ajili ya Kongo. Msiziwashe kabla ya kuzifuta na kuweka masafa mliyopewa. Kwa vijiji vya msituni VHF hupenya majani vizuri zaidi, kwa hiyo huko mtarudi kwenye UV-5R au kutafuta Motorola GP340 zilizotumika, zile ambazo Umoja wa Mataifa na mashirika walizibeba kila mahali miaka ya 2000. Ni nzito, na bado ni imara.

Mkichukua UV-5R, zifungeni. Kuna programu ya bure inayoitwa CHIRP; kwa kompyuta na kebo ya bei ndogo unaandika chaneli zenu tu, na unaweza kuifanya chaneli iwe ya kusikiliza pasipo kurusha. Kazi hiyo ifanywe na mtu mmoja kwa redio zote, na orodha ibaki ofisini.

Msiamini maneno "chaneli ya siri" yanayoandikwa kwenye maboksi. Kinachoitwa hivyo ni toni ndogo inayoizuia redio yako isifunguke kwa sauti za wengine. Wao wanakusikia wewe vizuri kabisa.

Antena fupi inayokuja na redio ni dhaifu. Badala ya kununua nyingine mara moja, jaribu hili kwa VHF: kata waya laini wa sentimita 49, ufunge kwenye sehemu ya chuma inayozunguka kitako cha antena, uuache uning'inie. Unaonekana kama mkia wa panya, lakini mara nyingi sauti iliyokuwa inakatika inaeleweka. Na kwa kuwa delestaji ya SNEL haitoi taarifa, kila redio iwe na betri ya pili iliyojaa. Tumieni nguvu ndogo, wati 1, kila inapotosha.

Nani ashike, na aseme nini

Kabla redio haijatoka ofisini, chifu, polisi, kamanda wa jeshi wa eneo na watu wa ANR wawe wamejulishwa kwa barua, na nakala ya kibali itembee pamoja na redio. Isifungwe kiunoni njiani. Kwenye kizuizi izimwe, na ionyeshwe kabla ya kuulizwa. Kama wakubwa wa eneo wamekataa, msiipeleke, hata kama kijiji kinalia. Atakayelipa si afisa wa mradi aliyeko mjini.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Redio ikiwekwa kwa upande mmoja wa mgogoro, upande wa pili utaiona kama silaha. Katika vijiji vya Tanganyika, ambako Wabambote na Waluba walipigana vibaya kuanzia mwaka 2013, redio moja kwa Waluba peke yao ingezua maneno kuliko kutokuwa na redio kabisa. Wekeni kila upande, siku moja, mbele ya watu, na wenyeji wenyewe wachague washikaji. Miongoni mwao wawemo wanawake, kwani wao ndio wanaopita kisimani na shambani mapema.

Maneno yawe machache. Kiswahili kimetupa maneno matatu ambayo kila mshikaji lazima ayatenganishe: nimeona, nimesikia, nimeambiwa. Ujumbe mzuri unakwenda hivi: "Kituo cha mto kwa kituo cha soko. Nimeona watu kama kumi wenye bunduki, saa kumi na mbili asubuhi, njia ya kaskazini, wanaelekea shuleni. Sijui ni nani. Pokea." Anayepokea anarudia yote, halafu anaandika. Jina la aliyeleta habari halitajwi kamwe hewani, wala kabila la walioonekana, kwa sababu wanaosikiliza hamuwajui.

Mkishapata masafa yenu, tengeni asubuhi moja kwa majaribio. Mmoja abaki ofisini na redio na saa. Mwingine atembee kuelekea Ruashi, akiita kila baada ya dakika kumi na kuandika katika daftari mahali alipo na kama anasikika vizuri, kwa shida, au hasikiki. Kesho yake afuate barabara ya Kipushi. Chorani ramani ya maeneo ambayo sauti ilipotea, ibandikeni ukutani karibu na chaja, na rudieni zoezi hilo masika, majani yakishakuwa mengi.