Redio ya Gari Ikinyamaza Asubuhi ya Baridi



Mwezi wa Julai tulitembelea kikundi kimoja cha kujisaidia karibu na msitu wa Kakamega. Kikundi hiki kina pikapu ya zamani. Asubuhi inabeba maziwa, na usiku ikibidi inapeleka wagonjwa hospitali. Tulikuta wanachama mkutanoni, na shauri lilikuwa moja tu: redio ya gari. Kila asubuhi ya baridi inaongea dakika mbili, inakatika. Ikifika saa nne na jua limewaka, inarudi yenyewe kama haikuwa na neno.

Fundi mmoja alikuwa amewaambia, "Hiyo imekwisha, nunueni ingine." Mama mweka hazina alikuwa ameshafungua kitambaa cha akiba.

Tuliwaomba wangoje kidogo. Tulipoangalia pamoja, redio yenyewe ilikuwa nzima. Ubovu ulikuwa kwa betri na waya. Na betri hiyo ndiyo wanategemea kuwasha gari usiku wa manane mama mjamzito akishikwa na uchungu!

Baridi inafanya nini?

Kakamega iko juu ya bahari karibu mita 1,500. Kunakuwa na baridi, lakini si ya barafu. Kule maji yanakoganda, betri nzuri inapoteza kama sehemu moja kwa tano ya nguvu zake. Hapa kwetu inapoteza kidogo tu. Kwa hivyo baridi yetu haiui kitu kizima. Inaonyesha kile ambacho kilikuwa kimeanza kuchoka.

Inakuja kwa njia tatu. Kwanza, betri nzee hulegea zaidi ikiwa baridi. Pili, chuma hujikunja kidogo, na kiungo kilichopasuka au nati iliyolegea inaachana. Ikipata joto inashikana tena. Tatu, umande unaingia kwenye waya na kuleta kutu.

Tazama inakufa namna gani

Kabla ya kushika spana, angalieni vizuri:

Taa ya redio ikizimika pamoja na sauti, umeme haufiki. Fuata betri, fyuzi na waya.

Taa ikibaki lakini hakuna sauti, angalia spika na waya zake, au kiungo kilichopasuka ndani ya redio. Hiyo ya ndani mwachie fundi wa redio.

Ikibaki kelele ya "shshsh" tu, angalia eriali na mahali imechomekwa.

Ikizimika unapopiga stata, na ukiwasha tena imesahau saa na stesheni, shuku betri kwanza.

Kazi ya kufanya wenyewe

1. Zima gari. Usivute sigara wala kuleta moto karibu na betri, kwa sababu inatoa hewa inayoweza kulipuka. Redio zingine zikitolewa umeme zinadai nambari ya siri. Hakikisheni mnayo kwanza.

2. Fungua waya wa hasi (–) kwanza, halafu wa chanya (+). Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Ukikosea, spana ikigusa bodi inatoa cheche.

3. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, osha kwa maji vuguvugu yenye magadi kidogo. Yasiingie ndani ya betri. Kausha, sugua kwa msasa, kaza, halafu paka grisi.

4. Fuata waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi. Hapo kutu inapenda kujificha. Fanya vivyo hivyo kwa waya mweusi wa redio.

5. Angalia fyuzi. Ikiwa imeungua, weka yenye nambari ile ile. Usiweke msumari wala karatasi ya sigara. Hiyo ni kuchoma gari.

6. Washa redio asubuhi ikiwa bado baridi, mmoja asikilize na mwingine atingishe waya polepole. Ikikatika, mmepata mahali pabovu. Msingoje jua litoke, kwa maana ugonjwa utakuwa umejificha.

7. Ombeni fundi mwenye mita apime betri baada ya gari kulala. Betri iliyojaa inaonyesha kama volti 12.6. Ikiwa 12 au chini, karibu imekwisha chaji. Injini ikinguruma inafaa kusoma kati ya 13.8 na 14.4. Isipofika, chaja ya gari haifanyi kazi, na hata betri mpya itakufa.

Kile kikundi walipata kutu kwenye waya wa hasi, na betri ambayo ilikuwa haishiki chaji tena. Walisafisha waya, wakapiga kura, na pesa za redio zikanunua betri. Redio ni ile ile ya zamani, na inaongea.

Walikubaliana jambo moja lingine: gari likiwa limezimwa, redio haifunguliwi zaidi ya taarifa ya habari. Na tarehe ya kununua betri wameiandika kwa kitabu cha kikundi, ukurasa mmoja na akiba. Nanyi je, betri yenu ilinunuliwa lini?